Koki ya hita kwenye lori la njia ya Rusumo

Ukishaiacha Nyakanazi saa nane mchana kuelekea Lusahunga, utaona karibu kila lori limepandisha vioo. Vumbi ni sababu moja, lakini kubwa zaidi ni mbung'o. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yana mbung'o wanaolikimbiza lori kama wanavyomfuata nyati. Acha kioo wazi upana wa vidole viwili tu, na kabla hujafika Nyakahura utakuwa unaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukijipiga shingoni. Zamani, miaka ile ya majambazi, tulipita huku kwa msafara wenye polisi, na vioo vilikuwa juu kwa hofu nyingine kabisa. Kwa vyovyote vile dereva wa njia hii anafunga vioo, na akishafunga, anategemea kiyoyozi. Mtu aliyepikwa kabinini tangu Kahama anasinzia, na huyo ndiye anayeshuka na semitrela kwenye kona za kuelekea mpakani.

Ndiyo maana inaniuma kuona dereva analipia gesi ya AC mara mbili au tatu kwa mwaka wakati kinachomchosha ni maji ya moto ya injini yanayopita ndani ya dashibodi yake. Mimi mwenyewe nililipa hivyo. Fundi aliniambia, "Mzee, gesi imepungua." Nikaongeza. Baada ya wiki mbili hewa ikarudi kuwa ya uvuguvugu, nikaambiwa hivyohivyo, nikaongeza tena. Gesi ilikuwapo muda wote. Siku nilipogusa mipira ya hita kwa mkono wangu ndipo nilipoelewa.

Kila lori lenye hita lina rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya kasha la hewa nyuma ya dashibodi. Maji ya injini, yenye joto la nyuzi 80 hadi 95, yanapanda kwa mpira mmoja, yanazunguka ndani ya rejeta hiyo na kurudi kwenye wota pampu kwa mpira wa pili. Ndani ya kasha hilohilo kuna iveporeta, ile koili ya AC inayopoza hewa. Baridi na moto vinakaa nyumba moja, vikitenganishwa na kilango chembamba kinachosogea unapozungusha swichi ya joto.

Magari mengine yametoka kiwandani na koki ya kuyazuia maji hayo. Land Cruiser za zamani, kwa mfano, zina koki yenye kebo karibu na ukuta wa injini: ukisogeza swichi kwenye baridi, kebo inaivuta na maji yanasimama. Yapo pia malori yenye koki ya umeme. Lakini yapo mengi ambayo maji huzunguka usiku na mchana, kiangazi na masika, na kazi yote ya kuzuia joto imeachiwa kile kilango. Gari likiwa jipya kilango kinafunga vizuri. Likifika huku likiwa na miaka 15 mgongoni, sponji ya kingo zake imeshageuka unga, kebo imelegea, na hewa iliyopozwa inapita pembeni ya rejeta ya moto kabla ya kukufikia usoni. Hata kilango kikifunga sawasawa, rejeta ya nyuzi 90 ndani ya kasha la plastiki inalipasha kasha zima.

Hasara hii inaonekana zaidi lori likiwa limesimama. Foleni ya mpakani Rusumo ni fupi kuliko zamani, tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilipozinduliwa Aprili 2016, lakini bado utasubiri injini ikinguruma. Kwenye sailensa, injini ikinguruma bila mwendo, kompresa inazunguka polepole, upepo unaopita kwenye kondensa inayolitoa joto la AC nje ni mdogo, na maji ya moto hayajali kama unatembea au umesimama. Ubaridi unapungua, joto linabaki palepale. Hapo ndipo utakapoishukuru koki ya kuyakata maji hayo.

Kabla hujanunua kitu, pima. Jipimie wewe mwenyewe, usimwachie mtu akueleze.

Washa injini ikiwa imepoa, swichi ya joto ukiiweka kwenye baridi kabisa. Mwache utingo aangalie geji, wewe tafuta mipira miwili inayoingia kwenye kabini kutoka kwenye injini. Mara nyingi ina kipenyo cha ndani cha milimita 16 au 19, imekaa karibukaribu. Iguse kwa tahadhari kadiri injini inavyopata moto. Mpira unaotangulia kupata joto ndio unaoleta maji, kwa kawaida kutoka upande wa silinda hedi. Unaochelewa ndio unaorudisha. Ukumbuke ule wa kuleta, hata kwa kuufunga utepe wa rangi, kwa sababu baadaye utauhitaji. Sasa subiri injini ifike joto lake la kazi. Mpira wa kuleta ukiwa wa moto na wa kurudisha ukiwa baridi, maji hayapiti. Ama una koki ya kiwandani inayofanya kazi, ama rejeta ya hita imeziba. Yote miwili ikiwa ya moto hata usiweze kuishika, na swichi iko kwenye baridi, endelea na kipimo cha pili.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Chukua kipimajoto kidogo, hata kile cha jikoni cha sindano, ukitumbukize kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi. Endesha dakika 20 AC ikiwa imewashwa, vioo vimefungwa, hewa ikiwa kwenye mzunguko wa ndani. Andika namba. Simama mahali salama, zima injini, uubane mpira wa kuleta maji. Usiubane kwa meno ya plaizi, utautoboa. Weka vipande viwili vya mbao bapa, kimoja kila upande, halafu ubane juu yake kwa plaizi ya kujifunga. Mpira ukiwa umekauka na una nyufa, usiubane kabisa, utapasuka mikononi mwako na maji hayo yanachubua ngozi. Ukishaubana, rudia dakika 20 zilezile, barabara ileile, ukiangalia geji ya injini kwa jicho moja. Andika namba ya pili.

Namba ikishuka kwa kiasi unachokisikia usoni, umempata mwizi wa ubaridi wako. Isiposhuka, koki haitakusaidia, na fedha yako ipeleke kwingine. Anza na kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu wa njiani: ioshe kwa maji ya mgandamizo mdogo, maana ukipiga maji ya nguvu utalaza mapezi yake. Kisha angalia mkanda uliolegea, chujio la hewa ya kabini, halafu ndiyo gesi, nayo ipimwe kwa geji. Fundi anayeongeza gesi kwa kukisia sauti ya kompresa anaweza kukuharibia kompresa yenyewe, kwa sababu gesi iliyozidi inapunguza ubaridi na kupandisha mgandamizo.

Tuseme umempata mwizi. Hapa mafundi wengi wanachukua njia ya mkato: wanang'oa mipira yote miwili kwenye hita na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, hita inakufa moja kwa moja. Ni kazi ya dakika 15 na AC inapoa kweli. Kwa anayeishia Dar es Salaam au Morogoro, pengine inatosha. Kwa wewe unayekwenda Ngara, nakusihi usikubali.

Ngara ni milima. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia hapo ardhi inapanda hadi kuipita mita 1,500 kwenye vilima vya Ngara. Lala Benaco mwezi Julai, uamke saa kumi na moja alfajiri uanze safari, au ukate kwenda Ngara mjini na Kabanga ukielekea Burundi: ukungu umelala bondeni, kioo cha mbele kimefunikwa mvuke wa pumzi zako na za utingo wako, na njia ina kona na miteremko. Unafuta kwa kitambaa, mvuke unarudi. Dawa yake ni hewa kavu na ya moto ielekezwe kwenye kioo, AC na hita zikifanya kazi pamoja, AC ikikausha na hita ikipasha. Bila hita unaendesha ukichungulia kwenye kiduara ulichokifuta kwa kiganja. Nimewahi kufanya hivyo, sitafanya tena.

Sababu ya pili kila dereva wa milimani anaijua. Lori likianza kuchemsha kwenye kupanda kutoka mtoni Rusumo, unazima AC, unafungua hita mpaka mwisho na feni kwa nguvu zote, unajipika wewe ili uiokoe injini. Rejeta ya hita inakuwa rejeta ya akiba. Na huku juu akiba hiyo ina maana zaidi, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ukiwa umechoka na haushiki mgandamizo, injini yako ina nafasi ndogo sana ya kuvumilia. Fundi aliyeikata hita amekunyang'anya akiba hiyo. Koki inakuachia uamuzi.

Koki yenyewe iwe ya shaba, ya kufungua na kufunga kwa robo mzunguko, yenye midomo ya kuvalishia mpira pande zote mbili. Usinunue ya plastiki ya mabomba ya maji ya nyumbani. Imetengenezwa kwa maji ya baridi, na kwenye nyuzi 90 chini ya mgandamizo italainika. Zile za madukani za vifaa vya ujenzi zinahesabiwa kwa saizi ya bomba, nusu inchi, robo tatu, na saizi hizo hazilingani na mpira wa hita. Kata kipande kidogo cha mpira wa zamani, nenda nacho dukani, kivalishe kwenye mdomo wa koki mbele ya muuzaji. Kiingie kwa kusukuma, si kwa kupwaya. Ukiwa Kahama uchaguzi ni mkubwa kuliko Lusahunga au Benaco, kwa hiyo nunua ukiwa unapita. Chukua pia klipu nne za chuma kisichoshika kutu, hata kama utatumia mbili, na mpira mpya wa hita, mita moja.

Kuna jambo moja ambalo usipoliangalia litakugharimu injini. Ufuate mpira wa hita kwa macho na kwa mkono, tangu unapotoka kwenye injini mpaka unaporudi. Kwenye malori mengine njia hiyohiyo ya maji imegawanywa njiani: tawi moja linapoza kompresa ya upepo wa breki, lingine linapasha tangi la yurea, lingine linakwenda hita ya nyuma ya kitanda. Koki ikikaa kabla ya tawi, utakuwa umevifunga vyote. Iweke baada ya matawi yote, karibu na kabini. Na kama injini yako inategemea mzunguko wa hita ili maji yaendelee kutembea themostati ikiwa imefunga, usitumie koki ya njia mbili. Tumia ya njia nne, ambayo ukiifunga inayageuza maji yarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita. Kitabu cha gari kinaonyesha mchoro wa maji. Kama huna kitabu na huna uhakika, chukua ya njia nne. Ni ghali kidogo na ina miunganisho zaidi ya kuvuja, lakini haizuii kitu.

Kazi ianze injini ikiwa imelala usiku kucha. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto hata kwa kitambaa kinene. Nimeona mkono wa mtu baada ya kufanya hivyo. Kama ni lori la kabini ya kuinua, toa kwanza vitu vilivyo ndani: jiko la gesi, sufuria, dumu la maji, kila kisichofungwa, kwa sababu kabini ikilala mbele vyote vinakwenda kwenye kioo. Weka vizuizi vya matairi. Inua kabini mpaka mwisho na uhakikishe imekaa kwenye kishikizo chake cha chuma. Usiingize kichwa chini ya kabini inayoshikiliwa na pampu peke yake.

Punguza maji ya rejeta mpaka yawe chini ya usawa wa mipira ya hita, uyakinge kwenye dumu safi. Yakiwa ni kulanti nzuri utayarudisha. Yakiwa yamechafuka, usiyamwage mtaroni. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu, mbwa na mbuzi huinywa, na mitaro ya huku inaishia mito ya Ruvubu na Kagera.

Sasa chagua mahali pa kukata. Kwenye mpira wa kuleta, si wa kurudisha. Ukiufunga wa kurudisha, maji ya moto yataendelea kuisukuma rejeta na joto litapanda polepole hata kama hayatembei. Mahali pawe mbali na ekzosi na tabo, mkono ufike bila kuungua. Na hili la kabini ya kuinua lishikilie sana: mipira hiyo inajikunja na kujinyoosha kila kabini inapoinuliwa na kushushwa. Koki ukiiweka kwenye kona ya mkunjo, uzito wake utauvunja mpira. Iweke kwenye sehemu iliyonyooka, ifungwe kwenye kibano chake ili isining'inie, halafu kabla ya kukaza klipu, shusha kabini na uipandishe tena mara mbili, utingo akitazama kwa tochi. Kama mpira unavutika au unakunjika, sogeza koki.

Kata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Pangusa ndani ya mpira na midomo ya koki, lowesha kwa maji kidogo, usipake grisi. Sukuma mpaka mpira upite kivimbe cha mdomo, klipu ikae nyuma ya kivimbe hicho. Kaza kwa bisibisi mpaka mpira uanze kubonyea kidogo pembeni mwa klipu, basi. Anayekaza mpaka klipu inazama ameukata mpira kutoka ndani, nao utavuja akiwa Nyakahura kwenye mizani.

Jaza kulanti koki ikiwa wazi, na swichi ya hita ikiwa kwenye moto kabisa. Hili watu wanalisahau: wakijaza koki ikiwa imefungwa, hewa inabaki ndani ya rejeta ya hita, na siku watakapofungua, hewa hiyo itaingia kwenye injini wakiwa mlimani. Washa, binya mipira kwa mkono uitoe hewa, subiri themostati ifunguke na maji yashuke, ongeza. Zima, iache ipoe, angalia tena usawa. Kagua klipu zote kwa kidole kikavu. Rudia ukaguzi kesho yake asubuhi na baada ya kilomita 200 za kwanza, kwa kuwa mpira mpya hulegea ukishapikwa mara moja.

Halafu funga koki, utoke na kipimajoto chako barabarani kama siku ile ya mbao mbili. Namba ikiwa ile uliyoiona ulipoubana mpira, kazi imekamilika.

Ukiwa safarini, ifunge unapoanza joto la Morogoro na uiache hivyo Dodoma, Singida, Nzega, mpaka pori la Biharamulo na mbung'o wake. Ukikaribia Benaco jioni, simama uifungue kabla ya giza, usingoje ukungu ukukute. Geji ya injini ikipanda isivyo kawaida na koki imefungwa, tafuta mahali pa kusimama kwanza. Hita haitakusaidia kitu mpaka maji yapite. Hata miezi ambayo huhitaji hita, ifungue mara moja kwa wiki kwa dakika kumi. Shaba isiyozungushwa hushikana, na kulanti iliyotuama ndani ya rejeta ya hita inaila kutoka ndani.

Kama lori si lako, mwambie mwenye gari kabla ya kukata mpira wake. Na kama mnapokezana madereva, chukua rangi nyeupe uandike kwenye kibano cha koki upande upi ni WAZI na upi ni FUNGA, kisha ubandike karatasi kwenye dashibodi, karibu na swichi ya joto, inayosema koki iko wapi. Atakayekupokea Lusahunga usiku hataijua kwa kukisia, naye ndiye atakayeingia Ngara alfajiri.